Nani Huandika Katika “Kujiandikisha”?

Makala hii inachunguza neno moja ambalo kila mwanafunzi hulisoma kwenye ubao wa matangazo mwanzoni mwa muhula: kujiandikisha. Nitaonyesha kwamba mofolojia yake ina nafasi ya watu wawili, ilhali kanuni za kuandikisha masomo humhesabu mmoja tu. Jambo hili si la darasani pekee. Liliwahi kuninyima mtihani.

Tuanze na data. Mzizi ni -andik-. Kwetu Omate utasikia sentensi kama hizi:

(1) Karani anaandika jina la mtoto.
(2) Mama ameenda kuandikisha mtoto ku masomo.
(3) Mwanafunzi amejiandikisha.

Katika (2) na (3) tunaona kiambishi cha kutendesha -ish-, ambacho huwa -esh- mzizi ukiwa na irabu e au o, kama katika somesha na kopesha. Katika (2) mama haandiki. Anasababisha jina liandikwe, na anayeshika kalamu ni karani asiyetajwa. Linganisha na kushonesha: nikisema “nimeshonesha shati”, kila msikilizaji anajua kuna fundi. Mkono wa shati ukitoka mfupi, hakuna atakayenilaumu kwamba nimeshona vibaya.

Katika (3) kiambishi ji- kinatuambia kwamba aliyesababisha na aliyeandikwa ni mtu yuleyule. Lakini -ish- haijaondoka, na nafasi ya mwandishi ingali wazi. Zamani nafasi hiyo ilijazwa na karani: mwanafunzi alifika mezani, akataja jina na masomo, karani akaandika katika daftari, wote wawili wakitazama ukurasa mmoja.

Leo daftari limekuwa fomu ya kompyuta. Mtu anaweza kusema kwamba karani ametoweka, mwanafunzi anaandika mwenyewe, na -ish- ni mabaki tu ya desturi ya zamani. Viambishi hubaki hivyo katika maneno mengi, kwa hiyo hoja hii si dhaifu. Ndiyo pia hoja iliyojificha katika kanuni: kila kosa lililo ndani ya fomu ni kosa la mwenye jina.

Lakini tuingie katika chumba cha kompyuta cha chuo. Mashine ni chache, umeme huja na kwenda, orodha ya zamu imebandikwa mlangoni. Humo sijasikia sana “ninajiandikisha”. Ninachosikia ni “uniandikishe na miye”. Aliyekwisha kukaa kwenye mashine huwaandikia watatu au wanne wa nyuma yake, huku wakimtajia neno la siri kwa sauti ya chini. Karani amerudi, ila sasa hana mshahara, hana muhuri, wala hana jina katika kanuni.

Mwaka mmoja tarehe ya mwisho ilinikuta Omate, nimeenda kuona wazazi. Nilipanda mlimani kutafuta mtandao, nikamwomba mwenzangu kwa simu aniandikishe. Alifanya hivyo kwa moyo mwema, katika dakika za mwisho za zamu yake, na somo moja likabaki bila alama. Katika mfumo wa LMD muhula ni krediti 30, na somo moja likikosekana hesabu yote inapwaya. Niliporudi na kueleza, jibu lilikuwa fupi: “Wewe ndiye uliyejiandikisha.” Kisarufi, jibu lile lilikuwa sahihi kwa ji- na lilisahau -ish-. Somo hilo nililirudia mwaka uliofuata.

Hali hii si yetu peke yetu. Nchini Kenya maombi ya nafasi za vyuo hupitia mtandao wa KUCCPS, na nchini Tanzania maombi ya mikopo ya HESLB hufanywa mtandaoni. Kijana asiye na kompyuta huketi kando ya mhudumu wa duka la intaneti, akitaja, mwingine akiandika.

Je, fomu ya Kiswahili ingetosha? Ingesaidia, na inawezekana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri za Kiswahili. Lakini asiyefika kwenye kioo hasaidiwi na lugha iliyo juu ya kioo.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kabla ya mlango kufungwa, kila mwanafunzi apewe karatasi ya masomo yake aisome na kuitia sahihi, na siku chache za kusahihisha. Pili, saa za chumba cha kompyuta zihesabiwe wakati wa kupanga tarehe ya mwisho: umeme ukikatika siku mbili, tarehe isogee siku mbili. Hapo ndipo kanuni itakuwa imesoma neno lake lote.

Zoezi kwa wasomaji: katika muhula ujao, sikilizeni mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Andikeni kila kitenzi chenye mzizi -andik- mtakachosikia, kisha mbele ya kila kimoja mjaze jina la aliyeshika kibodi.