Hisia katika Hoja za Siasa: Maswali na Majibu

Je, mwanasiasa anayeamsha hisia za wasikilizaji anawadanganya?

Si lazima. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: sifa za msemaji, hisia za hadhira na hoja yenyewe. Hakuiona njia ya pili kuwa uchafu wa kuondolewa ili ya tatu ing'ae. Alichambua hasira, hofu, aibu, huruma na wivu, na kwa kila moja akauliza humpata mtu akiwa katika hali gani, dhidi ya nani, na kwa sababu gani. Maswali hayo yana maana kwa kuwa kila hisia hubeba dai ndani yake. Mwenye hofu anaamini kuna hatari iliyokaribia. Mwenye hasira anaamini amedharauliwa bila haki. Mwenye huruma anaamini aliyepatwa na masaibu hakustahili. Dai hilo linaweza kuchunguzwa kama dai lingine lolote.

Hotuba yenye hisia kali na hoja thabiti hufananaje?

Mfano ulio karibu ni wa Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba na kuikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa, alikusanya uamuzi wote katika mambo matatu: uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui. Kwa haraka, maneno hayo husikika kama mdundo wa kupandisha mori tu, kwa kuwa sentensi zina umbo moja na zinafuatana upesi. Lakini kila neno lina kazi yake. Sababu inajibu swali la haki: nani alianza. Uwezo unaitoa hofu, maana taifa lililovamiwa hujiuliza kwanza kama litaweza. Nia inawafunga wasikilizaji na msemaji katika ahadi moja. Sababu ilikuwa jambo la hakika: ardhi ilikuwa imetwaliwa, na watu walikuwa wameuawa na kuporwa. Hasira ilikuwa na mahali pa kusimama.

Hata hivyo, gharama haikuwamo katika yale matatu. Kampala iliangushwa Aprili 1979, kisha Watanzania wakaombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilikaa imefungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo, ingawa vita haikuwa sababu pekee. Hotuba inaweza kuwa ya kweli na bado ikaacha nje kitu kizito. Hamasa hurahisisha jambo hilo, kwa sababu aliyekwisha kusimama kushangilia haulizi bei.

Uchochezi unaanzia wapi?

Unaanzia pale dai lililo ndani ya hisia linapokuwa la kutungwa na hasira inapoelekezwa kwa kundi zima la watu, si kwa tendo. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende na kuwaeleza wasikilizaji kwamba majirani zao walikuwa wanajiandaa kuwaangamiza. Hofu ya kuangamizwa ni hisia ambayo yeyote angekuwa nayo kama habari ingekuwa kweli, na nguvu ya uongo huo ilitoka hapo. Matusi peke yake yasingetosha. Ilibidi muuaji aamini kwamba anajilinda. Mnamo Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Msikilizaji apimeje anachoambiwa?

Aigeuze hisia kuwa sentensi ya kawaida, kisha aulize kama sentensi hiyo ni kweli. Halafu aangalie kinachoombwa. Huruma kwa wahanga wa mafuriko ni halali, lakini haithibitishi kwamba mgombea aliyegawa mablanketi atajenga mitaro. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, kwani wengi wakishakubali kwamba tatizo lipo huikubali na dawa iliyoandamana nalo.

Je, anayezungumza bila jazba ni mkweli zaidi?

Hapana. Ukavu nao ni mbinu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Kenya na kisha Tanzania ziliweka ada katika hospitali za serikali, ambako matibabu yalikuwa bure kwa sehemu kubwa. Sera hiyo iliitwa kuchangia gharama. Jina hilo lilitaja michango, jambo lenye heshima katika kila mtaa, bila kumtaja mgonjwa anayerudi nyumbani kwa kukosa fedha. Hoja ya kibajeti ilikuwepo na ilistahili kusikilizwa, lakini huruma iliyokuwa sehemu halali ya mjadala ilifungiwa nje na lugha ya ofisini. Hakuna aliyepaza sauti, na hesabu iliyowasilishwa ilikuwa pungufu.