Usafi na Mafunzo ya Choo Katika Vituo vya Kulelea Watoto

Wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Sivyo. Huweza kubeba viini vya kuhara na mayai ya minyoo sawa na cha mtu mzima, na kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5.

Watoto wengi huwa tayari kufundishwa kati ya miezi 18 na miaka 3. Dalili: mtoto hukaa mkavu kwa saa 2 hivi na huonyesha kuwa amebanwa.

Walezi wazingatie haya:

1. Mtoto aketishwe kwenye poti anapoamka na baada ya kula, kwa dakika chache tu.
2. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma.
3. Kinyesi kimwagwe chooni; poti ioshwe kwa sabuni, mbali na jikoni.
4. Mtoto na mlezi wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Beseni moja la watoto wote hueneza viini.

Mtoto akijikojolea, abadilishwe nguo bila kukaripiwa wala kuchapwa. Anayeogopa hujizuia hadi akafunga choo, na mafunzo hurudi nyuma. Mzazi na mlezi wakubaliane ili utaratibu wa kituoni uwe ndio wa nyumbani.