Kompyuta ya Gemu ya Daraja la Kati: Je, Inaumudu Uhalisia Pepe?



Wiki mbili kabla ya mitihani, ndugu yetu mmoja anayesoma usanifu majengo alinijia chumbani hosteli, laptopu yake mkononi. Binamu yake anayefanya kazi Dubai alikuwa anakuja Kampala likizo, na alikuwa tayari kumuuzia miwani yake ya uhalisia pepe aina ya Quest 2, iliyotumika lakini nzima. Bei ilikuwa ya kindugu. Tatizo ni kwamba fedha pekee aliyokuwa nayo ni ile aliyoikusanya kwa kufundisha tuisheni, na aliiweka kwa ajili ya ada ya muhula ujao. Alitaka kuingia ndani ya jengo analolichora kwa mradi wa mwaka wa mwisho, alitembelee chumba kwa chumba kabla ya kulipeleka mbele ya walimu. Akaniuliza: "Akhi, kompyuta yangu inacheza gemu zote vizuri. Hii nayo itaiweza?"

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, lakini likizo zangu nyingi huishia katika duka la mjomba wangu la kutengeneza kompyuta, na swali hili nimelisikia mara nyingi. Nikamwambia asimjibu binamu yake usiku ule. Somo hili ni yale tuliyoyapitia pamoja, nami nimeyaandika kwa kuwa najua wapo wengine wenye swali hilohilo na wenye fedha ya ada mfukoni.

Skrini moja na macho mawili

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Unapocheza gemu kwenye skrini ya kawaida, kompyuta huchora picha moja yenye pikseli 1920 kwa 1080. Hizo ni pikseli 2,073,600. Ikichora picha 60 kwa sekunde, jumla ni pikseli milioni 124 hivi kila sekunde. Kompyuta nyingi za gemu za daraja la kati hulimudu hilo bila taabu.

Miwani ya uhalisia pepe huhitaji picha mbili kwa wakati mmoja, moja kwa kila jicho, kila moja kutoka pembe yake. Miwani ya kwanza iliyoenea, Oculus Rift na HTC Vive za mwaka 2016, ilikuwa na pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, na ilitaka picha 90 kwa sekunde. Tena lenzi zake hupinda picha, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuchora picha kubwa kuliko skrini yenyewe, kisha kuikunja ili ionekane sawa machoni. Kipimo kilichopendekezwa kwa Vive kilikuwa 1512 kwa 1680 kwa kila jicho. Zidisha kwa macho mawili na picha 90, utapata pikseli milioni 457 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara nne ya kazi ya skrini ya kawaida.

Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020, ina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Hata ukihesabu pikseli za skrini peke yake kwa picha 72 kwa sekunde, ni zaidi ya milioni 506. Quest 3 ya mwaka 2023 ina 2064 kwa 2208. Kwa picha 90 inapita milioni 820.

Kwa hiyo sentensi ya "inacheza gemu zote vizuri" haijibu swali. Inacheza vizuri robo ya kazi tutakayoipa.

Wastani hauna faida hapa

Jambo la pili ndilo kiini cha somo hili. Kwenye skrini ya kawaida, gemu ikikwama kidogo unakasirika tu, kisha unaendelea. Katika uhalisia pepe, ukigeuza kichwa na picha ikachelewa, macho yanaona jambo moja na sikio la ndani, linalopima mizani ya mwili, linahisi jingine. Matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu, kama cha abiria anayesoma kitabu ndani ya basi linalopita kona nyingi.

Ili kukwepa hilo, kila picha lazima iwe tayari kwa wakati wake. Kwa picha 90 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 11.1 kumaliza kila moja. Kwa picha 72 ina milisekunde 13.9. Mtu akikuambia kompyuta yake hutoa "wastani wa picha 95", bado hujajua chochote, kwa sababu wastani huo unaweza kuwa umechanganya sehemu nyepesi zenye picha 140 na sehemu nzito zenye 50. Hizo 50 ndizo zitakazokufanya uivue miwani.

Zipo njia za kusaidia. Mwaka 2016 Oculus waliongeza mbinu ambayo kompyuta ikishindwa kufikia picha 90, huchora 45 za kweli, na programu hubuni nyingine 45 kwa kusogeza vitu kutokana na mwendo wa picha zilizotangulia. Kwa mbinu hiyo waliweza kushusha kiwango cha chini cha kadi ya picha kutoka GTX 970 hadi GTX 960. Ni msaada mzuri, lakini kingo za vitu vinavyosogea haraka huonekana kama zinayumba. Ichukue kama gurudumu la akiba: hulifungi ukiwa na nia ya kusafiri nalo safari nzima.

Daraja la kati ni lipi hasa?

Jina hili hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tutumie mifano. GTX 1060 yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka 2016, ilikuwa daraja la kati la wakati wake. Half-Life: Alyx, gemu kubwa ya uhalisia pepe ya mwaka 2020, iliitaja kadi hiyo kama kiwango chake cha chini, pamoja na RAM ya GB 12. Beat Saber, ile ya kukata vipande kwa mdundo, ni nyepesi zaidi. Microsoft Flight Simulator, kwa upande mwingine, inaweza kuielemea hata kadi ghali.

Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo: kadi ya kiwango cha GTX 1060 ya GB 6, GTX 1660 au RTX 3060 huumudu uhalisia pepe, kwa mipangilio ya wastani na kwa programu isiyo nzito mno. Lakini kadi ya picha ni sehemu moja tu. Wanaosoma hadithi wanajua kwamba mpokezi mmoja dhaifu huidhoofisha sanadi nzima, hata wengine wote wakiwa waaminifu. Kompyuta nayo iangalie hivyo, kiungo kwa kiungo:

1. Jina la kadi kwenye laptopu. RTX 3060 ya kompyuta ya mezani hutumia wati 170. Yenye jina hilohilo kwenye laptopu hupewa kati ya wati 60 na 115, kulingana na mtengenezaji, na kumbukumbu yake ni GB 6 badala ya 12. Jina moja, nguvu tofauti.

2. Tundu. Hapa nililipa ada yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua miwani ya zamani inayotumia HDMI. Laptopu yangu ilikuwa na kadi ya kutosha, lakini tundu la HDMI lilikuwa limeunganishwa na kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa, si na kadi kubwa. Miwani haikuonyesha kitu. Niliiuza kwa hasara. Miwani kama Quest hupokea picha kama video kupitia USB au Wi-Fi, kwa hiyo tatizo hili haliigusi, ila inahitaji waya mzuri na tundu la USB 3 ili picha isififie.

3. RAM. GB 8 hujaa upesi. GB 16 inakuacha na nafasi.

4. Umeme na joto. Laptopu ikichomolewa kwenye chaja hupunguza nguvu za kadi ili kulinda betri. Umeme ukikatika katikati, picha zitaanguka papo hapo. Na ikipata joto, hupunguza kasi yenyewe. Ndiyo maana majaribio ya dakika mbili hudanganya. Safisha feni, iinue kutoka mezani, kisha pima kwa dakika 20.

5. Wi-Fi. Kutumia Quest bila waya kunataka ruta ya 5 GHz iliyo chumba kimoja nawe, na kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo kwa waya. Wi-Fi ya hosteli inayogawanywa kwa vyumba 40 usiitegemee.

Pima kabla hujalipa

Valve walitoa mwaka 2016 programu ya bure iitwayo SteamVR Performance Test. Haihitaji uwe na miwani. Huonyesha tukio kwa dakika chache, kisha hutoa rangi: nyekundu, njano au kijani. Usiishie kwenye rangi. Angalia idadi ya picha zilizoshuka chini ya 90, na idadi ya picha zilizocheleweshwa na prosesa. Zote mbili ziwe sifuri au karibu na sifuri.

Kumbuka pia kwamba kipimo hicho kilitengenezwa kwa miwani ya 2016. Kijani maana yake umeingia mlangoni. Kwa miwani mpya zaidi huenda ukahitaji kushusha ukubwa wa picha. Na kushusha huko kunasaidia sana: ukipunguza upana na urefu hadi asilimia 70 kila kimoja, pikseli zinabaki asilimia 49 tu, yaani kazi imepungua kwa nusu.

Mwisho, pima programu ile utakayoitumia wewe, na si gemu ya mtu mwingine.

Tulikofikia usiku ule

Laptopu ya ndugu yetu ilikuwa na GTX 1660 Ti ya GB 6 na RAM ya GB 8. Kipimo kilitoa kijani. Alishaanza kutafuta namba ya Dubai kwenye simu, nikamzuia. Nikamwambia afungue jengo lake mwenyewe kwenye programu yake ya kutembelea michoro, kwenye skrini ya kawaida, na aonyeshe idadi ya picha kwa sekunde. Zilikuwa 38.

Tukatafuta sababu. Bustani ya mbele ilikuwa na miti 60 aliyoipakua kwenye intaneti, kila jani limechorwa peke yake. Viti vya ukumbini vilikuwa na kila msumari. Tukabadilisha miti kwa ile myepesi, tukatoa misumari, tukafunga kivinjari kilichokuwa kinakula RAM. Zikapanda hadi 130 na ushei, na hata pale pazito hazikushuka chini ya 110. Kompyuta haikuwa na kosa kubwa. Mzigo ndio uliokuwa umezidi.

Kuhusu fedha, alimweleza binamu yake ukweli wote. Wakakubaliana ailete miwani kama ya kuazima kwa wiki moja, na ada ikalipwa kwanza. Tulimwomba pia aiondoe kwenye akaunti yake kabla ya kusafiri, maana miwani iliyobaki na akaunti ya mwenyewe ni usumbufu kwa anayeipokea. Tukaitumia kwa waya, picha 72 kwa sekunde, chaja imechomekwa, dakika 15 kwa kila mtu. Hakuna aliyeugua.

Naye, katika matembezi yake ya kwanza, alisimama kwenye korido ya ghorofa ya pili na kunyamaza. Kwenye karatasi ilitosha. Akiwa ndani yake, aliona kwamba watu wawili wenye mabegi wasingepishana. Aliivua miwani, akakaa kwenye laptopu, akaanza kusogeza ukuta.

Maswali ya kujipima

1. Kwa picha 120 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde ngapi kwa kila picha?
2. Kwa nini wastani wa picha 95 hauthibitishi kwamba kompyuta inafaa?
3. Taja viungo vitatu, mbali na kadi ya picha, vinavyoweza kuangusha laptopu yako. Kisha fungua Task Manager, uangalie kadi na RAM yako, na uandike kiungo kipi kwako ndicho dhaifu.

Wabillahi tawfiq.