MAJI YA REJETA YANAKWENDA WAPI?
Somo kwa Wanachama wenye Motokaa na Malori



Msimu wa karafuu ukifika, lori ni sawa na mchumaji: likilala, kazi nzima hulala. Karafuu mbichi zikikaa ndani ya magunia bila ya kuanikwa hupata moto, huchacha na kuharibika rangi, na bei nayo hushuka. Kwa hiyo lori lililokwama njiani kwa kuchemsha maji si hasara ya mwenyewe peke yake. Na mara nyingi lori hilo lilikwisha toa habari za ugonjwa wake zamani, illa dereva alikuwa akiongeza maji kila asubuhi na kwenda zake. Somo letu ni hili: maji ya rejeta hayapungui bure. Yakipungua, iko njia yanayopitia, na yafaa njia hiyo ijulikane kabla injini haijafunguliwa.

MLIMA HUFICHUA UGONJWA

Tuwatazame wakulima wenzetu wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya zilizokuwa moja mpaka mwaka 2012. Malori ya huko hupanda kutoka Kyaka hadi Kayanga, mahali palipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 za Selsiasi hivi, wala hayangoji 100 kama ya kwetu pwani. Nayo injini yenye afya hufanya kazi baina ya nyuzi 80 na 95. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Springi yake huyabana maji, na maji yaliyobanwa hustahimili mpaka kiasi cha nyuzi 115, hata huko mlimani. Kifuniko kikichoka, kwenye mlima wa namna hiyo lori hutoa mvuke upesi.

Visiwani vilima vyetu havifiki hata mita 150. Basi kifuniko kibovu au tundu dogo huweza kujificha miezi mingi, mpaka siku ya mzigo mzito na jua kali. Ugonjwa ni ule ule. Sisi hucheleweshewa habari tu.

KWANZA, TAZAMA NJE

Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza rejeta, kisha utandike kadibodi chini ya gari. Washa injini mpaka ipate moto, uzime, ungoje. Tone likianguka, lifuate juu mpaka lilikotoka. Tazama mipira na vibano vyake, maungio ya rejeta, na pampu ya maji. Chini ya pampu kuna tundu dogo; likidondosha maji, sili ya pampu imekwisha. Alama ya ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi huonyesha mahali palipovuja na kukauka. Zulia la ndani likilowa na kunuka utamu, hita inavuja. Mwisho, tazama mpira wa kifuniko: ukipasuka au ukiwa mgumu, nunua kifuniko kipya chenye namba ile ile.

PILI, TAZAMA NDANI

Ikiwa nje ni pakavu na maji yanapungua, ndipo tuishuku gasketi ya hedi. Hiyo ni bamba jembamba lililo baina ya bloku na silinda hedi, na kazi yake ni kutenga moto, oili na maji. Ikiungua, vitu hivi hukutana. Dalili zake ni hizi:

1. Mapovu hutoka rejetani mfululizo tangu injini ikiwa baridi. Lakini kama umejaza maji sasa hivi, ngoja kwanza hewa iliyonaswa itoke.
2. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji yakiwa bado baridi.
3. Moshi mweupe hutoka katika ekzosi hata baada ya injini kupata moto.
4. Oili huwa kama chai ya maziwa. Utando mdogo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Gari linalokwenda safari fupi fupi hulipata pia.
5. Asubuhi injini hutetema, silinda moja haifanyi kazi, kisha hutulia.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mgonjwa. Mwambie fundi apime kwa pampu ya presha, au kwa dawa ya buluu inayogeuka rangi ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta.

TATU, MATENGENEZO

Mara nyingi gasketi huungua kwa sababu injini ilipata moto kupita kiasi. Fundi akibadilisha gasketi bila ya kutafuta sababu, mtarudi gereji msimu huo huo. Ahakikishe hedi haikupinda wala kupasuka, na bolti azikaze kwa spana ya kipimo, kwa mpango ulioandikwa katika kitabu cha gari hilo.

NJIANI

Mshale wa joto ukipanda, simama na uzime. Usifungue kifuniko; maji yaliyobanwa yatakurukia usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, fungua kwa kitambaa kinene, pole pole. Usimimine maji baridi katika injini yenye moto, maana chuma huweza kupasuka. Wala usitie maji ya bahari au ya kisima cha chumvi, kwani hula chuma. Kulanti iliyochanganywa na maji safi ndiyo bora. Illa iweke mbali na watoto na wanyama, kwani ni tamu nayo ni sumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kifuniko kibovu hujulikana mapema Karagwe kuliko kwetu?
2. Mapovu rejetani yana sababu gani mbili?
3. Dereva wako ameongeza maji mara ngapi juma hili?

Asiyeweza kujibu swali la tatu na aanze nalo kesho asubuhi.

Katibu