MUHOGO WAKO UNAUMWA NINI?



Muhogo ndio akiba yetu. Mahindi yakikaushwa na jua, tunakimbilia muhogo. Kisamvu nacho kinatoka humo humo. Muhogo ukiugua, njaa iko mlangoni.

Wengi wetu tukiona majani yamejikunja tunasema, "Ah, ni jua tu." Wengine wanakimbilia dukani kununua dawa. Tusifanye haraka. Kwanza tuchunguze. Leo tutajifunza kuwatambua maadui watatu wa muhogo.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Ingia shambani. Tazama mimea ya pembeni na ya katikati. Angalia kileleni, pale majani machanga yanapochipua. Kisha geuza jani, utazame chini yake. Wadudu hujificha huko.

1. Kidung'ata. Majani ya kileleni yamejikunja na kusongamana kama ngumi. Pingili za shina zimekuwa fupi. Utaona vitu vyeupe kama unga. Huo si unga, ni wadudu. Wanafyonza maji ya mmea. Mara nyingi sisimizi huwafuata kwa ajili ya maji matamu wanayotoa.

2. Utitiri wa kijani. Huyu ni mdogo sana, kama chembe ya vumbi. Majani machanga yana vidoa vingi vya manjano. Yanakuwa madogo na membamba, halafu yanapukutika. Unga mweupe hakuna.

3. Batobato. Huu ni ugonjwa wa virusi. Majani yana mabaka ya manjano na kijani, tena yamepinda. Huenezwa na nzi weupe. Sisi wenyewe pia tunaueneza tukipanda vipande vya mti mgonjwa. Hauna dawa ya kunyunyiza.

TUSIMUUE RAFIKI

Kidung'ata si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mwaka 1973. Jike hutaga mamia ya mayai bila dume. Basi akaenea nchi hadi nchi, akiharibu mashamba.

Mwaka 1981 wataalamu walimpata adui yake huko Paraguay. Ni nyigu mdogo sana, naye hamdhuru mtu. Mwaka huo huo aliachiliwa Nigeria, na baadaye nchi nyingine nyingi, Tanzania pia. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya kidung'ata. Yai likianguliwa, mtoto wake humla kidung'ata kutoka ndani.

Ukiona kidung'ata amevimba, amekuwa mgumu na rangi ya kahawia, jua kuwa nyigu amefika. Ukinyunyiza sumu, unamuua mlinzi wako bure. Tena sumu hiyo itaingia kwenye chungu cha kisamvu.

MAMBO YA KUFANYA

- Kata vipande vya kupanda kutoka kwenye miti mizima isiyo na dalili hizi. Usichukue vya shamba gonjwa, hata ukipewa bure na jamaa.

- Changanya maji yanayochemka na maji baridi kwa kipimo sawa. Zamisha vipande humo kwa dakika 5 hadi 10. Wadudu waliojificha watakufa. Lakini batobato haiponi kwa njia hii.

- Panda mapema mvua zinapoanza. Kidung'ata na utitiri hushamiri kiangazi. Mmea uliokwisha kupata nguvu utawastahimili.

- Mche wenye batobato ung'oe mapema, uuchome moto.

- Palilia na tia samadi.

Ukiona dalili usizozielewa, mwite bwana shamba au bibi shamba aje aone mmea wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Utatofautishaje kidung'ata na utitiri wa kijani?
2. Kwa nini si vizuri kunyunyiza sumu kwenye muhogo?
3. Msimu uliopita mlipata wapi vipande vya kupanda? Je, mlivichunguza?

Someni tena somo hili pamoja, kisha mwende shambani mkageuze majani.