Amri ya Nane na Neno la Mkubwa

Huko Magamba, jirani na mji wa Mpanda, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, habari ya Serikali mara nyingi hufika kwanza katika simu ya kijana, ndipo wazee wasomewe. Habari hiyo ikikaa mtandaoni siku mbili tatu bila onyo, husemwa: "Ingekuwa uwongo, wenye mtandao wangeiondoa." Wazo hilo twataka kulipima leo, hasa pale neno lenyewe linapotoka kinywani mwa mtawala.

Kampuni ya Facebook ilianza mwaka 2016 kuwapa watu wa nje kazi ya kuchunguza habari zinazoenezwa humo. Lakini maneno ya wanasiasa wenyewe iliyatoa katika uchunguzi huo, na mwaka 2019 ikaieleza kanuni hiyo waziwazi: wananchi wamsikie mtawala, wamhukumu wenyewe. Sababu hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Hata hivyo tazameni matokeo yake. Muuza dagaa akieneza uwongo juu ya dawa aliweza kutiwa alama; waziri akisema uwongo uleule aliachwa. Na ni yupi kati yao anayesikilizwa na maelfu?

Twitter ilithubutu zaidi. Mei 2020 ilibandika onyo chini ya maneno ya Rais Donald Trump kuhusu kura za posta. Lakini ujasiri wa mfanyabiashara hufuata majira. Tarehe 7 Januari 2025 wenye Facebook walitangaza kwamba kazi ya wachunguzi wa nje itakoma huko Marekani.

Tena Serikali yaweza kuufunga mlango. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda wa tarehe 14 Januari 2021, Facebook iliondoa kurasa zilizohusishwa na wizara moja ya Serikali, kwa kosa la kutumia majina ya kujifanya ili kuwasifu watawala. Rais Museveni akaamuru Facebook ifungwe. Waliokosa mtandao ni raia.

Amri ya nane haina kifungu cha kumsamehe mwenye cheo. Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba watawala wana wajibu wa pekee katika mambo ya habari, na hailipi Dola ruhusa ya kupotosha ukweli. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamtisha anayeeneza uwongo kwa makusudi ya kudanganya umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mkulima aijua hofu hiyo. Twatamani wakubwa nao waijue.

Wazee wa Mpanda watakumbuka jambo moja. Mwaka 2020 Serikali iliacha kutangaza hesabu ya korona, ikiwa imefika wagonjwa 509 na vifo 21. Na mwezi Juni marehemu Rais Magufuli alisema nchi imeepushwa kwa sala. Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliyekuwa Askofu wa Mpanda mpaka mwaka 2018, akiwa Rais wa Baraza la Maaskofu, aliwaonya waamini kwamba hatari ingalipo, wajikinge. Hakumtukana mtu. Alisema lililo kweli, na hakungoja kampuni ya ng'ambo imtangulie.

Basi baba na mama, likija tangazo la mbolea au la ardhi, kijana asiliache katika simu. Atazame tarehe yake na ofisi iliyolitoa, kisha aende kwa mtendaji wa kijiji kuuliza. Akijibiwa kwa mkato, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia aweza kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, nayo yapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Barua hiyo iandikwe kwa adabu, na nakala ibaki nyumbani.