Goti Likikuachia Ghafula

Asubuhi, mitumbwi ya ndagala inaporudi ufukweni mwa ziwa hapa Uvira, akina mama huingia majini, hupokea beseni, kisha hupanda mchanga na mawe wakiwa na mzigo kichwani. Goti zima halina habari na safari hiyo. Goti lenye artrozi huuma, na siku nyingine hufanya jambo baya kuliko kuuma: linaachia. Mguu unakosa nguvu mara moja, mwili unaenda chini, beseni linayumba. Wengine huanguka. Wengi hujikamata, husimama kidogo, huendelea na njia, na hawamwambii mtu.

Kunyamaza huko ndiko kunakoumiza watu. Mgonjwa akifika kituo cha afya huulizwa kuhusu maumivu, naye hujibu kuhusu maumivu, anapewa vidonge, anarudi nyumbani na goti lilelile lisilotegemeka. Kumbe kuachia kwa goti kuna sababu zake, na mara nyingi kuna la kufanya, hata pale ambapo hakuna daktari bingwa wa mifupa.

Artrozi ni kuchakaa kwa kiungo kizima. Gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa huota vijiba pembeni, utando wa ndani huvimba na kutoa maji mengi, kano hulegea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, milioni 365 kati yao kwenye goti. Si kazi ya mchawi, wala si baridi ya ziwa iliyoingia mfupani. Umri huchangia, uzito huchangia, kubeba mizigo na kuchuchumaa kwa miaka mingi huchangia. Majeraha ya zamani pia: kati ya vijana wanaochanika kano kubwa ya ndani ya goti wakicheza mpira, karibu nusu huonyesha dalili za artrozi miaka 10 hadi 20 baadaye. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazee peke yao.

Lakini goti halishikiliwi na mifupa na kano tu. Mbele ya paja kuna misuli minne mikubwa inayofanya kazi ya breki: unapokanyaga, hasa unaposhuka, ndiyo inayozuia goti lisikunjike chini ya uzito wako. Goti likiuma au likijaa maji, mwili wenyewe hupunguza nguvu za misuli hiyo, bila mtu kutaka. Ndiyo maana goti huachia ghafula kwenye mteremko, kwenye ngazi, au mtu anapogeuka na mzigo.

Huko Framingham, Marekani, watafiti waliwauliza watu wazima 2,351 kama goti liliwahi kuwaachia katika miezi 3 iliyopita. Karibu 12 kati ya kila 100 walisema ndiyo, na wengi wao zaidi ya mara moja. Zaidi ya nusu ya hao hawakuonyesha artrozi kwenye picha ya radio (eksirei). Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2007, nami nayaona ya maana sana kwetu, kwa sababu mgonjwa anayeambiwa kwamba radio yake ni nzuri huenda nyumbani akidhani anajisingizia. Hajisingizii. Picha huonyesha mfupa. Haionyeshi nguvu ya paja.

Madhara hayaishii kwenye kuanguka. Mtu ambaye goti limemwachia mara mbili huanza kuogopa. Haendi tena sokoni peke yake, hapandi tena kwa jamaa wanaokaa upande wa mlimani, anamtuma mtoto kwa kila jambo. Anakaa. Paja linanyauka, na goti linazidi kulegea kwa sababu ya kule kukaa. Jamaa wanaosema kwa upendo, "Mama, wewe pumzika tu," wanamdhuru bila kujua.

Dawa ya kwanza, basi, ni kulirudishia paja nguvu. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti liwe sawa, kaza paja, hesabu polepole hadi tano, shusha taratibu bila kuuangusha. Weka kiganja juu ya paja: ukihisi nyama inakuwa ngumu, unafanya vizuri. Mara kumi kila mguu, pumzika, rudia. Zoezi la pili ni kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena bila kusukuma kwa mikono. Kama ni vigumu, tafuta kiti kirefu zaidi au weka mto. La tatu, shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana neno ikiwa kesho yake yametulia. Yakizidi mpaka kesho, punguza idadi, usiache. Usitegemee mabadiliko ndani ya wiki moja. Ipe misuli miezi miwili au mitatu. Ukipata kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) hospitalini, akuangalie mara ya kwanza na akurekebishe.

Halafu mzigo. Ukitembea tambarare, goti hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na ukishuka ngazi hubeba zaidi ya mara tatu. Bidoni la lita 20 huongeza kilo 20 kwenye uzito huo wa mwili. Kwa jamaa wasiofikiwa na bomba la Regideso, wanaoteka mtoni au ziwani, shauri la kuacha kubeba halina maana. Lakini safari mbili za lita 10 ni nafuu kuliko moja ya 20, na baiskeli ni nafuu zaidi. Kwa mwenye unene, kila kilo inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa karibu kilo nne juu ya goti kwa kila hatua.

Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Wengi huishika upande wa goti lenyewe. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Kwenye ngazi, mguu mzuri utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka. Chooni, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu na kuchomeka mti imara ukutani wa kushikilia. Umeme hukatika, basi tochi ikae karibu na kitanda. Anayesali anaweza kusali akiwa ameketi.

Kuhusu vidonge nitasema wazi. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini hutuliza maumivu, lakini zikinywewa kila siku bila kuangaliwa huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Usichanganye mbili. Ogopa kidonge kisicho na jina kinachoondoa kila maumivu kwa usiku mmoja. Kuchanjwa kwa wembe juu ya goti hakuimarishi misuli, na wembe huweza kuleta pepopunda au UKIMWI.

Wahi hospitali bila kungoja kama goti limevimba, lina joto na una homa. Kama limejifunga halinyooki. Kama limevimba baada ya kujipinda. Au kama miguu yote miwili inakufa ganzi na mkojo unakusumbua. Uvimbe wa miezi mingi pamoja na kukonda na jasho la usiku unaweza kuwa kifua kikuu cha kiungo. Kituo cha afya kinaweza kukutuma Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira. Huko usiseme tu "goti linauma". Sema limekuachia mara ngapi katika miezi mitatu, ulikuwa unapanda au unashuka, ulianguka au la, uliumia lini zamani, na unakunywa dawa gani.

Na goti likikuachia ukiwa na mzigo, uachilie mzigo. Ndagala huokotwa. Ukianguka, usiruhusu watu wakuvute kwa mikono mara moja. Tulia, sogeza kila kiungo. Ukiona nyonga inauma sana au mguu umekuwa mfupi, lala hapohapo mpaka upate wa kukubeba. Kama hakuna kilichovunjika, geukia ubavu, piga magoti, tambaa mpaka kwenye kiti au jiwe, tanguliza unyayo wa mguu wenye nguvu, sukuma kwa mikono, keti kwanza kabla ya kusimama. Kisha mwambie mtu wa nyumbani, siku hiyohiyo.